Kabla ya Kushuka Mlima
Mafundisho ya afya kwa wenye chukudu, kwa wamotari, na kwa wote wanaobebwa

Ndugu msomaji, umekwisha kusoma katika vitabu vya afya habari za malaria, za minyoo, na za maji ya kunywa. Leo tunataka kusema nawe juu ya ugonjwa mwingine. Huu hauletwi na mbu wala na uchafu. Unaletwa na magurudumu mawili. Huwapata hasa vijana wenye nguvu. Asubuhi wametoka nyumbani wakiimba, na jioni wanaletwa hospitali juu ya machela. Ugonjwa huu ni ajali ya barabarani.

Labda utasema, "Ajali si ugonjwa. Ajali ni bahati mbaya tu." Sivyo. Kila ugonjwa una chanzo chake na kinga yake, na ajali vilevile. Shirika la Afya Duniani limehesabu kwamba mwaka 2021 watu karibu milioni 1.19 walikufa barabarani ulimwenguni. Tena limesema kwamba kwa watoto na vijana wa miaka 5 hata 29, barabara inaua kuliko ugonjwa wo wote. Kama homa fulani ingeua vijana wengi namna hiyo, kila mzazi angeuliza dawa yake. Basi, na tuulize.

CHUKUDU NA NDUGU YAKE WA ULAYA

Chukudu unaijua. Ni chombo cha mbao ngumu, chenye magurudumu mawili ya mti yaliyovikwa mpira wa matairi ya zamani. Mwenyewe huweka goti moja juu ya ubao, na kwa mguu wa pili husukuma. Tangu miaka ya 1970 chombo hiki kinabeba viazi, maharagwe, kabichi, makaa na kuni kutoka milima ya Masisi hata Sake na Goma. Mzigo wake huweza kupita kilo mia mbili au tatu. Watoto wengi wa Kivu walisoma shuleni kwa sababu ya chukudu ya baba. Ndiyo maana mwaka 2009 walisimamisha mjini Goma sanamu kubwa ya rangi ya dhahabu, ya mtu anayesukuma chukudu. Yastahili heshima hiyo.

Lakini je, unajua kwamba huko Ulaya chukudu ina ndugu yake? Nayo ina magurudumu mawili madogo, ubao wa kusimama, na usukani. Ila imetengenezwa kwa chuma chepesi, nayo inakwenda kwa nguvu ya betri. Inaitwa skuta ya umeme. Watu waliipenda sana, na kwa muda mfupi ikajaa mijini. Ndipo taabu zikaanza. Wengine walianguka na kupasuka kichwa. Wazee waligongwa mahali pa kwenda kwa miguu, kwa maana skuta hiyo haina sauti, hata huisikii ikija nyuma yako.

Serikali za huko hazikunyamaza. Mwaka 2019 Ujerumani iliagiza kwamba skuta isipite mwendo wa kilometa 20 kwa saa. Mwaka huohuo Ufaransa iliagiza isipite kilometa 25, tena isipite mahali pa waendao kwa miguu. Mtoto aliweza kuiendesha tangu miaka 12, lakini mwaka 2023 wakaongeza, ikawa 14. Na tarehe 2 Aprili 2023 watu wa Paris waliitwa kupiga kura juu ya skuta za kukodi. Waliokwenda kupiga kura walikuwa wachache, lakini karibu watu 90 katika kila 100 walizikataa, na mwisho wa Agosti zikaondolewa.

Kwa nini tunakuambia habari za mbali namna hii? Kwa sababu maswali waliyouliza wao ndiyo maswali yetu. Chombo hiki kipite wapi? Kwa mwendo gani? Nani aruhusiwe kukiendesha? Nani atamlinda mtu wa miguu? Wale wana barabara laini na taa za usiku, na bado waliona haja ya sheria. Sisi tuna mawe, matope na mteremko. Je, haja yetu si kubwa zaidi?

Usifikiri tunataka chukudu na pikipiki ziondolewe. Hapana. Paris waliweza kuondoa skuta na watu wasilale njaa. Sisi tukiondoa chukudu, viazi vitaoza Masisi. Tukiondoa pikipiki, mgonjwa wa Walikale atafia msituni. Kwa sababu hatuwezi kuviacha vyombo hivi, imetupasa kujifunza kuviendesha bila kufa.

MWILI WAKO NDIO UKUTA

Motokari ina mlango, ina kioo, ina chuma pande zote. Ikigonga, chuma hupokea pigo kwanza. Chukudu na pikipiki hazina ukuta. Mwili wako ndio ukuta. Goti lako, mkono wako na kichwa chako ndivyo vinavyopokea pigo.

Sasa sikiliza hesabu hii, maana ni rahisi na watu wachache wanaijua. Ukigonga jiwe au mti kwa mwendo wa kilometa 20 kwa saa, pigo lake ni kama kuanguka kutoka mahali penye urefu wa mita moja na nusu hivi. Utaumia, lakini mara nyingi utaamka. Kwa kilometa 40, ni kama kuanguka kutoka mita 6, yaani kutoka juu ya mparachichi. Kwa kilometa 60, ni kama kuanguka kutoka mita 14, yaani kutoka juu ya mchikichi mrefu. Angalia vizuri: mwendo ukizidishwa mara mbili, pigo halizidi mara mbili tu. Linazidi mara nne.

Ni nani kati yenu angeruka kwa hiari yake kutoka juu ya mchikichi? Hakuna. Lakini kila siku kijana anapanda pikipiki bila kofia na kwenda kilometa 60 kwa saa juu ya changarawe.

Tena, kwa kilometa 40 unapita mita 11 katika sekunde moja. Mtoto akitokea ghafula, jicho linaona, akili inafikiri, na mkono unatafuta breki. Hapo sekunde moja imekwisha kupita. Umekwenda mita 11 kabla breki haijaanza kazi yake.

MANENO KWA WENYE CHUKUDU

Sake iko kando ya ziwa, karibu mita 1,500 juu ya bahari. Milima ya Masisi iliyo juu yake hupita mita 2,000. Basi mtu anayetoka Mushaki na mzigo wa viazi anashuka mamia ya mita. Kazi yake si kusukuma tena. Kazi yake ni kuzuia. Na kitu cha kuzuia ni kipande cha mpira kinachokandamizwa kwa mguu juu ya gurudumu la nyuma.

Mpira huo ukisuguliwa muda mrefu, unapata moto na kulika. Gurudumu likilowa kwa mvua, mpira unateleza. Wakati huo mzigo wa kilo 300 hauna huruma. Utakusukuma kwa nguvu ya mlima mzima. Kwa hiyo fanya hivi:

1. Kabla ya kushuka, simama juu ya mlima. Tazama mpira wa breki. Kama umelika, badilisha hapohapo. Mpira wa tairi la zamani ni bei ndogo kuliko mguu.

2. Tazama magurudumu na misumari. Ubao uliopasuka hautapona njiani.

3. Funga mzigo chini na katikati. Mzigo mrefu hukuficha njia na kuangusha chombo kwenye kona.

4. Pumzika katikati ya mteremko ili breki ipoe. Mahali pakali mno, shuka, utembee kando ya chukudu ukiishika.

5. Usibebe mtu juu ya mzigo, wala mtoto wako mwenyewe.

6. Wakati wa kupanda, usishike nyuma ya lori. Dereva hakuoni. Akifunga breki, kichwa chako kitakutana na chuma chake.

7. Kama mvua inanyesha, ngoja. Viazi havitaoza kwa saa moja.

MANENO KWA WAMOTARI NA WANAOBEBWA

Katika Walikale hali ni nyingine. Huko kuna msitu, matope mekundu, na madaraja ya miti. Motokari zinazofika ni chache. Pikipiki ndiyo inayobeba mafuta ya mawese, chumvi, mwalimu, muuguzi na mgonjwa. Motari anayeijua njia hiyo ni fundi kweli. Lakini ufundi hauwezi kuzuia mti uliooza usivunjike.

Ukifika kwenye daraja la miti, abiria ashuke, avuke kwa miguu. Ni mwendo wa dakika moja. Wewe abiria usione haya kusema, "Nishushe." Fedha yako imelipa safari, haikununua kaburi.

Pikipiki imetengenezwa kwa mtu mmoja na abiria mmoja. Ukiona mmoja amebeba watatu na gunia, ujue breki yake haikuhesabiwa kwa mzigo huo. Ninyi akina mama, kusanyeni kitenge vizuri kabla ya kupanda, kwa maana mnyororo na gurudumu hukamata nguo na kumvuta mtu chini. Mtoto mchanga abebwe kwa namna ambayo hataponyoka. Na mguu wako usiguse bomba la moshi. Ukiungua, mwagia mahali hapo maji safi ya baridi kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, wala chumvi, wala mawese.

Mama mwenye mimba asingoje uchungu ndipo atafute pikipiki. Ikiwa nyumba yake iko mbali, aje akae karibu na hospitali kabla ya siku zake kutimia. Njia ya matope usiku, pamoja na uchungu wa kuzaa, ni hatari mbili kwa mara moja.

KOFIA NGUMU

Kichwa ni sanduku la mfupa, na ndani yake mna ubongo ulio laini kama parachichi bivu. Mguu uliovunjika hupona kwa miezi michache. Ubongo ulioumia vibaya mara nyingi haurudi kama zamani. Mtu anaweza kubaki hai lakini asimjue mke wake tena.

Kofia ngumu ya pikipiki, yaani helmeti, ina ganda gumu nje na kitu laini chenye unene ndani. Pigo likija, kitu kile hubonyea mahali pa ubongo wako kubonyea. Waganga walikusanya uchunguzi wa nchi nyingi na kuutangaza mwaka 2008. Waliona kwamba kofia hupunguza hatari ya kufa kwa sehemu 42 katika 100, na hatari ya kuumia kichwa kwa sehemu 69 katika 100. Ni dawa gani nyingine ya duka inayofanya kazi namna hiyo, nawe huimezi?

Lakini kofia iliyotundikwa kwenye usukani haimlindi mtu. Ivae, ufunge kamba yake chini ya kidevu, vidole viwili tu viweze kupita. Kofia ya wajenzi wa nyumba haitoshi. Na kofia iliyokwisha kupokea pigo kubwa, itupe, hata kama kwa nje inaonekana nzuri.

Abiria wengi husema, "Siwezi kuvaa kofia ya motari. Watu wengi wameivaa, nitapata chawa na upele." Neno hilo lina maana, na jibu lake ni rahisi. Chukua kitambaa chako safi, ujifunge kichwani, kisha vaa kofia juu yake. Na wewe motari, anika kofia juani kila siku na kuifuta kwa maji na sabuni. Jirani zetu wa Rwanda wamezoea jambo hili. Mjini Kigali kila motari hubeba kofia ya pili kwa ajili ya abiria, naye hubeba mtu mmoja tu. Tangu mwaka 2019 wengine huko wanaendesha hata pikipiki za umeme zisizo na kelele. Siku moja zitafika kwetu kwa wingi. Zikifika, kumbuka kwamba umeme haupunguzi ugumu wa jiwe. Kofia itakuwa ileile.

HARAKA, HOFU NA POMBE

Tunajua kwamba si kila mtu anakwenda mbio kwa kiburi. Watu wa Masisi na Walikale wameona vita tangu mwaka 1993. Motari anakimbia kwa sababu jua linashuka naye anaogopa msitu. Mwenye chukudu anakimbia kwa sababu soko linafungwa na watoto wanangoja. Hatukucheki. Lakini dawa ya giza ni kuondoka mapema. Na kama umechelewa, lala mahali penye watu. Usiku bila taa, mwenye haraka na mwenye kukimbia vita kwa miguu, na mtoto mgongoni, hukutana katika kona moja. Wala hawaonani.

Ama juu ya kasiksi na kanyanga, hatuna maneno mengi. Pombe hulegeza mkono kabla haijalegeza ulimi. Mtu husema, "Mimi sijalewa," naye husema kweli kama anavyoona, kwa maana kinacholewa kwanza ni kile kinachopima. Aliyekunywa asiendeshe. Wala wewe usipande nyuma yake, hata akiwa shemeji yako.

SHERIA SI ADUI

Watu wengi wakisikia neno sheria, hufikiri juu ya kizuizi cha barabarani na mkono unaodai fedha. Ni kweli, wako wanaotumia sheria kujilisha. Lakini usiitupe dawa kwa sababu muuzaji wake ni mwizi.

Kongo ina sheria ya barabara, ya tarehe 30 Agosti 1978. Inatuagiza kuendesha upande wa kuume. Sheria hii ndogo huokoa watu kila siku. Pasipo hiyo, kila kona ingekuwa bahati nasibu. Nawe uendaye kwa miguu, tembea upande wa kushoto, ili ukione kinachokuja mbele yako.

Katika Walikale tuna mfano mzuri. Karibu na Kilambo, ndege ndogo zilikuwa zikitua juu ya barabara yenyewe kuchukua madini. Ndege ilipokaribia, pikipiki na watu walisimamishwa, barabara ikawa wazi, ndege ikashuka. Hakuna motari aliyesema, "Mimi nina haraka kuliko ndege." Kila mtu alitii, kwa maana kila mtu aliona hatari kwa macho. Basi mtoto wa shule anayevuka njia naye ni wa kusimamiwa.

Ninyi mnaosoma Maandiko mnakumbuka kwamba katika Torati mwenye kujenga nyumba mpya aliagizwa kuzungusha kizuizi juu ya dari yake, kusudi mgeni asianguke. Agizo lile linamhusu mwenye nyumba, halimlaumu mgeni. Vivyo hivyo mwenye chombo ana deni kwa abiria na kwa mtu wa njiani.

Msingoje Kinshasa. Wamotari wana vyama vyao, na wenye chukudu wa Goma wana chama chao pia. Chama kinaweza kuagiza: breki zitazamwe juu ya mlima kila asubuhi; kijana asiyefikia umri asipewe chombo; mbele ya shule na soko watu waende pole; pasipo taa hakuna safari ya usiku. Wazee wa kijiji na wa kanisa waketi pamoja nao. Sheria iliyofanywa na wenyewe hushikwa kuliko ile iliyoletwa na bunduki.

AJALI IKITOKEA

Kwanza simamisha vyombo vingine, watu wasigongwe tena. Kisha:

Usimvute aliyeumia kwa mikono wala kumketisha. Huenda mfupa wa shingo umevunjika. Kama ni lazima kumhamisha, watu wanne wamwinue pamoja, kichwa na mwili vikiwa mstari mmoja, kama gogo. Kama anapumua vizuri, usimvue kofia kwa nguvu.

Kama hana fahamu lakini anapumua, mlaze kwa ubavu, matapishi yasimzibe. Usimpe maji, wala chakula, wala pombe.

Damu ikitoka sana, kandamiza kidonda kwa kitambaa safi, bila kuacha, hata watakapofika wauguzi.

Mfupa ukivunjika, funga vijiti viwili na nguo kandokando, lakini si kwa nguvu. Vidole vikiwa baridi au vikifa ganzi, legeza. Kufunga kwa nguvu mno kumewanyima wengi miguu ambayo ingepona.

Kidonda chenye udongo huweza kuleta pepopunda. Uje uchomwe sindano, hata kama kidonda ni kidogo.

Na hili ulishike sana. Mtu aliyegonga kichwa, hata kama anatembea na kucheka, aangaliwe siku mbili. Akitapika mara kwa mara, akisinzia asiamke kwa urahisi, akisema maneno yasiyo na maana, akishikwa na kifafa, mboni moja ya jicho ikiwa kubwa kuliko ya pili, au maji au damu ikitoka masikioni au puani, mleteni hospitali saa ileile. Msiseme, "Mwacheni alale." Wengine walilala hivyo wasiamke.

MASWALI YA KUJIBU NYUMBANI

1. Breki ya chombo cha nyumba yenu ilitazamwa lini?

2. Kuna kofia ngapi nyumbani? Kuna watu wangapi wanaopanda?

3. Kwa mwendo wa kilometa 40 kwa saa, pigo ni kama kuanguka kutoka wapi?

4. Katika kijiji chenu, ni nani angeweza kuita wamotari na wenye chukudu kuketi pamoja? Kwa nini asiwe wewe?

Soma maneno haya kwa sauti mbele ya vijana wa nyumba yako, hata wale wasiojua kusoma wayasikie. Kesho kabla hawajashuka mlima, wasimame kwanza na kutazama ule mpira mdogo ulio juu ya gurudumu la nyuma.